Neno Nililolisema Kiuyu

Wete, Ijumaa, katikati ya Mfungo Tano, 1938

Masika yameshika. Nimeloa tangu Kiuyu, kanzu imenigandia mwilini, na viatu nimevibeba mkononi zaidi ya nusu ya njia. Mama kanipokea mlangoni, kanitazama. Kanitilia maji ya moto nikoge, kaniwekea muhogo na samaki wa kuchoma. Sikula. Jua halijazama bado. Nimekaa barazani na daftari hili kwa sababu najua nikilala bila kuandika, kesho nitaanza kujisimulia mambo ya leo kwa namna itakayonipendeza mwenyewe.

Sitaki kujipendeza.

Mimi ni mkalimani wa daktari wa serikali. Hapa mtaani kwetu Jadida watu wananiita Karani, na jina hilo nimelifurahia kuliko nilivyopaswa. Daktari ni Mzungu, mtu mpole, Kiswahili chake hakizidi "fungua mdomo" na "vuta pumzi". Tunapozunguka vijijini anazungumza kwa kinywa changu. Nilisoma Unguja miaka minne, na niliporudi mama alikuwa akinitaja kisimani kwa wanawake wenzake kana kwamba nimerudi na elimu yote ya dunia. Kazini nipo kwa majaribio, huu mwaka wa pili. Nilikuwa nikingoja barua ya kuthibitishwa. Naliandika hili mapema kwa sababu barua hiyo imo katika kila kosa nililolifanya.

Mwezi wa Mfungo Mosi, siku chache baada ya sikukuu ya Idi, tulikwenda Kiuyu. Daktari alikuwa anatafuta wenye maradhi ya ngozi, zaidi ukoma, ambao watu wetu hawapendi kuutaja na huuita maradhi makubwa. Tuliketi barazani kwa sheha, mkuu wa kijiji. Wanaume walipimwa kwanza, kisha ikatundikwa mikeka na wanawake wakaja mmoja mmoja nyuma yake, kila mmoja na mtu wake.

Bi Mize alikuja na mama mkwe wake, Bi Shufaa. Bi Mize hajafika miaka thelathini, mwembamba, mikono yake migumu kwa kazi ya kusokota kamba za makumbi ya nazi. Bi Shufaa alikuwa amembeba mtoto wa kiume wa Bi Mize, anayenyonya bado. Nyuma ya bega la kushoto Bi Mize alikuwa na baka jeupe, upana wake kama kiganja cha mtoto. Daktari akaliangalia kwenye mwanga. Akalichoma kidogo kwa ncha ya sindano, na Bi Mize akashtuka, halafu akacheka kwa aibu ya kushtuka. Daktari naye akatabasamu. Akaandika kwenye kitabu chake, kisha akanigeukia na kusema maneno mengi kwa mkupuo.

Nilishika maneno mawili. La kwanza lilikuwa "sign", na alilisema mara tatu. La pili ni miezi mitatu.

Neno lenyewe ni dogo, hulitamki ila limeshakwisha. Skuli nililijua kwanza kuwa ni kibao, kile cha barabarani kinachoonyesha njia. Mwaka uliofuata nikalijua kuwa ni kutia sahihi. Siku nyingine mwalimu alitusomea habari za mvua, akasema mawingu ni "sign" ya mvua, nami nikaandika pembeni mwa daftari: alama. Nilipofika kwa daktari nikalikuta tena, asubuhi hadi jioni. Homa ni hilo, ulimi mweupe ni hilo, na kitu kisipoonekana nalo litasemwa hilo hilo. Sisi tuna dalili, tuna ishara, tuna alama, tuna sahihi, na kila moja lina mahali pake. Yeye analo moja na anajua mwenyewe anakusudia lipi. Mimi nilitakiwa nijue, au niulize.

Sikuuliza.

Niliwahi kumuuliza mara moja, mwanzo wa kazi, mbele ya watu wa kijiji kingine. Alinirudia polepole, neno baada ya neno, kwa sauti ile anayosemeshwa mtoto, na mzee mmoja akacheka. Nikaapa moyoni kwamba halitatokea tena. Siku ile Kiuyu sheha alikuwa ananisikiliza, wazee walikuwa wananisikiliza, na kofia yangu ilikuwa mpya. Nikasema kwa sauti ya kutosha kusikika upande wa pili wa mikeka:

"Daktari anasema una alama. Urudi baada ya miezi mitatu."

Bi Shufaa akauliza: "Alama ya nini?"

Nikasema: "Alama tu."

Nataka niandike nilichokiona baada ya hapo, kwa sababu nimejaribu mara nyingi kujiambia kwamba sikukiona. Bi Shufaa alimhamisha mtoto kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, akampeleka upande ulio mbali na mama yake. Bi Mize alikuwa amenyoosha mikono ampokee. Mikono ikabaki hewani kidogo, kisha akaitumia kujifunga kanga. Nikamwita anayefuata.

Kiuyu alama ni kitu cha mwenyewe. Ng'ombe ana alama sikioni ajulikane ni wa nani. Mnazi hukatwa alama kwenye shina. Mtu akiambiwa ana alama mbele ya daktari aliyekuja kutafuta ukoma, watu wataelewa kwamba ukoma umeshamweka alama yake na ni suala la siku tu. Mimi ni mtu wa Pemba. Hilo halikuhitaji kamusi.

Tulirudi Wete kwa gari la daktari na njia nzima nilikaa ubavuni pake. Ningeweza kumuuliza pale, hapakuwa na mtu wa kucheka. Akanisifu kwa kazi ya siku ile, akasema atawaandikia wakubwa wake habari zangu. Nikashukuru.

Mfungo Pili, mwezi uliofuata, mwanamke muuza kamba alipita kwetu, mama akamkaribisha kahawa. Aliposhika njia, mama akanisimulia. Kuna mke wa mtu Kiuyu ameachwa, talaka tatu kwa mpigo, kwa kuwa daktari amemwona na maradhi makubwa. Mtoto anayenyonya amenyang'anywa ziwani mwa mama yake. Mama akaniuliza si ndiko tulikokwenda, na je, sikumwona mwanamke huyo. Nikamwambia tunaona watu wengi, sikumbuki.

Nilikumbuka hata rangi ya kanga yake.

Nilifikiri kwenda kwa daktari. Niliifikiri njia nzima ya maneno: nitaanzaje, atauliza nini, nitajibu nini, atakunja uso vipi. Kila mara nilifika kwenye barua ya kuthibitishwa nikarudi nyuma. Nikajiambia miezi mitatu si mingi. Nikajiambia huenda kweli ni ukoma, na ikiwa ni ukoma basi nilisema kweli. Naona haya kuandika hili: ziko siku niliomba iwe hivyo. Nilimwombea mwanamke ukoma ili mimi nisiwe mkosa.

Jumanne ya wiki hii alikuja, mwezi mzima baada ya siku aliyoambiwa.

Alikuja na kaka yake, Faki, kwa miguu, wametoka Kiuyu kabla ya alfajiri. Nilimtambua kwa mikono kabla ya uso. Uso ulikuwa umeingia ndani. Alisimama mlangoni mwa chumba cha daktari, hakuingia mpaka alipoambiwa mara mbili, na alipoingia hakugusa kitu: si kiti, si ukuta, si pazia. Alikuwa ameshika ncha za kanga yake kwa mikono miwili kama mtu anayevuka tope.

Daktari akamwangalia bega. Akaangalia kwa kioo cha kukuzia, akachoma hapa na pale, akabonyeza viwiko na nyuma ya masikio. Baka halikuwapo. Daktari akasema, safari hii kwa maneno machache niliyoyaelewa yote, kwamba ni mzima, kwamba lilikuwa mba wa kawaida tu na umekwisha wenyewe. Akaandika karatasi ya kumthibitishia uzima, akasogeza rejista mbele yake ili aweke kidole gumba, maana hajui kuandika.

Nikamwambia: "Bi Mize, tia alama hapa."

Akaurudisha mkono chini ya kanga. Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza siku ile.

"Alama tena?" akasema. "Nambia kwanza ile ya kwanza. Siku ile Mzungu huno alisemaje?"

Kaka yake alikuwa amesimama karibu na dirisha. Daktari alikuwa anangoja na wino. Basi nikafanya nililopaswa kulifanya miezi minne nyuma. Nilimuuliza daktari alisema nini siku ile Kiuyu. Hakukasirika. Alifungua kitabu chake, akatafuta ukurasa, akanisomea polepole, na mimi nilikuwa namwelewa neno kwa neno, nikatamani nisielewe. Baka moja begani. Si dalili ya ukoma, kwani anahisi sindano. Hakuna dalili nyingine yoyote mwilini. Aambiwe asiwe na wasiwasi, arudi baada ya miezi mitatu kwa kuhakikisha tu.

Aambiwe asiwe na wasiwasi. Hilo nalo alilisema. Mimi sikulishika kabisa.

Nikamtafsiria Bi Mize. Nilimweleza yote, na nikamweleza kwamba neno "alama" lilikuwa langu, halikuwa la daktari, na kwamba sikuelewa na sikuuliza. Sauti yangu ilikuwa shwari, ile sauti ya kazi. Sijui kwa nini haikutetemeka. Nilitaka itetemeke.

Hakulia. Alianza kunieleza, taratibu, kama mtu anayetoa ushahidi mbele ya kadhi. Alisema usiku wa siku ile ile mume wake, Shaame, alilala barazani. Alisema kwa wiki mbili aliwekewa kata yake ya maji peke yake, na sahani yake peke yake, na Bi Shufaa akamwambia asimnyonyeshe mtoto mpaka ijulikane. Matiti yakavimba, akapata homa, na homa ile nayo ikahesabiwa kuwa ni maradhi yanapanda. Talaka ilipoandikwa, Faki alimjengea kibanda cha makuti kule kwenye mashimo ya kufukia makumbi, mbali na nyumba. Kamba alizozisokota yeye, Faki alizipeleka sokoni akisema ni za mkewe. Binti yake mkubwa, Time, mwenye miaka sita, alikuwa akiletwa siku moja moja na kusimamishwa mbali ili mama yake amwone.

Alimaliza hapo. Daktari akaniuliza anasema nini muda wote huo.

Nikamwambia: anashukuru.

Nimeliandika. Sasa limeshaandikwa.

Bi Mize haelewi Kiingereza, lakini nadhani alielewa. Alimtazama daktari, akaona anatabasamu na kutikisa kichwa kwa upole, akanirudia mimi. Akaniambia kwamba lile neno nililisema mbele ya watu wa Kiuyu, na hili la leo nikaliseme huko huko, Ijumaa, kwa kinywa changu. Akachovya kidole kwenye wino, akakibonyeza pale rejistani, akachukua karatasi yake, akaondoka. Faki alinipa mkono wakati wa kutoka. Sikuustahili, na nadhani alinipa kwa mazoea tu.

Kwa hiyo leo nimekwenda. Gari la mizigo lilinifikisha nusu ya njia, nyingine nikatembea kwenye mvua.

Nilimkuta Maalim Sleiman, imamu wao, anatawadha. Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho huku maji yakimdondoka ndevuni, akaniambia nitasema baada ya sala, watu wakiwa wamekaa. Msikiti ulikuwa umejaa. Nilisali lakini sijui nilisoma nini. Maalim alipowaambia watu wasitawanyike, nikasimama karibu na nguzo na nikasema. Nilisema kwamba mimi ndiye karani aliyekuja na daktari. Kwamba daktari hakusema Bi Mize ana ukoma, hakusema hata kwamba ana shaka. Kwamba alisema asiwe na wasiwasi. Kwamba niliyesema alama ni mimi, kwa kutojua na kwa kuona aibu ya kuuliza. Faki akanipitishia karatasi ya daktari, nikaisoma kwa Kiswahili, nikawaonyesha muhuri.

Nilidhani watanizomea. Nilikuwa nimejitayarisha kuzomewa, na ningekwenda zangu nikiwa nimelipa. Hakuna aliyezomea. Mzee mmoja wa safu ya mbele aliniuliza, kwa adabu, ikiwa siku ile bega la mwanamke lilikuwa na kitu au halikuwa na kitu. Nikasema lilikuwa na baka. Akasema basi alama ilikuwapo na sikusema uongo. Wenzake wakatikisa vichwa. Nikajaribu kueleza tofauti ya alama na dalili, kwamba dalili inakuelekeza kwenye jambo na inaweza kukosea, na kwamba hata hiyo dalili daktari alisema haipo. Niliona nyuso zinaacha kunifuata. Niliyatumia maneno mengi kuliko wakati wowote katika kazi yangu, na yote pamoja hayakuwa na nguvu ya lile moja.

Halafu Shaame akasimama. Sikuwa nimewahi kumwona kwa karibu. Ni mtu mfupi, mkulima, amenyoa upara kwa Ijumaa. Hakupandisha sauti.

"Nilimwacha mke wangu kwa neno la serikali," akasema. "Siku ile serikali ilikuja na gari na daktari na dawa. Leo imekuja kwa miguu, imeloa. Nishike lipi?"

Maalim ndiye aliyejibu, kwamba ashike la leo kwa sababu lina karatasi. Shaame akasema ni sawa, yeye hana ubishi, lakini talaka ameshaandika tatu, eda ya Bi Mize imeshakwisha, na Mfungo Tatu ameshaoa mwingine. Akaketi. Nilimwona anajifuta uso kwa kiganja, kisha anaendelea kujifuta, muda mrefu kuliko jasho lilivyohitaji.

Maalim akasema ndoa imekwenda na hakuna wa kuirudisha kwa kusema tu. Watoto ni jambo jingine. Mtoto wa ziwa na mtoto wa miaka sita ni wa mama yao, na sababu ya kuwatenga haipo tena. Hakuna aliyepinga. Tukaenda kwa Bi Shufaa: Maalim, sheha, Shaame na mimi nyuma yao.

Bi Shufaa alikuwa jikoni. Alipoambiwa, hakubisha pia. Alinawa mikono, akamchukua mtoto kutoka kwenye kitanda cha kamba, akamfunga vizuri kwa mvua. Kabla ya kumtoa akasimama mbele yangu.

"Mie nilikuuliza, mwanangu. Nilikuuliza alama ya nini. Ukaniambia alama tu."

Nikamwambia ni kweli.

Akasema alifanya alivyojua ili mjukuu wake asiangamie, na kwamba Mize alikuwa mkwe mwema kwake miaka minane. Nilikuwa nimemfanya mwovu wa hadithi hii kichwani mwangu miezi yote, kwa kuwa nilihitaji awepo mwovu mwingine. Hayupo.

Bi Mize alikuwa uani kwa Faki. Alikuwa amevaa kanga safi, amekaa kwenye kinu kilicholazwa, mikono juu ya magoti. Alipotuona hakusimama. Bi Shufaa akamwekea mtoto mapajani. Mtoto alimtazama, akamtazama Bi Shufaa, akaanza kulia na kunyoosha mikono kwa bibi yake. Miezi hii amejifunza kutembea na kunywa uji, na mama yake hamjui tena. Bi Mize alimshika hivyo hivyo analia. Hakumbembeleza, hakumlazimisha, alimshika tu. Maziwa yamekauka, alimwambia mke wa Faki, kama anayetoa habari ya kisima.

Time alikuwa amekuja kwa miguu yake mwenyewe, ameshikwa mkono na sheha. Sheha alipomwachia, alimwendea mama yake mpaka ikabaki hatua moja, akasimama. Akaiweka mikono yake nyuma ya mgongo. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Ameshazoea.

Watu wote uani waliona. Shaame akatoka nje.

Nikamwambia Bi Mize anisamehe. Nililisema mbele ya wote, na nilimaanisha, na hapo hapo nikaona jinsi nilivyochagua wakati mbaya wa kuomba kitu. Aliniambia nimsomee Time ile karatasi. Nikachuchumaa kwenye tope, nikamsomea kwa maneno ya mtoto: mama yako ni mzima, hana maradhi, daktari amemwangalia mwili mzima, unaweza kumkumbatia na kula naye na kulala naye.

Time akauliza: "Na alama?"

Bi Mize akashusha kanga begani, akamgeuzia mgongo. Ngozi ilikuwa safi, nyeusi, ina matone ya mvua. Mtoto aliangalia kwa muda mrefu, akisogeza kichwa huku na huku, anatafuta. Ndugu yake alikuwa bado analia. Maalim akanigusa bega, akaninong'oneza kwamba kazi yangu hapa imekwisha, tuwaache.

Nikaondoka. Sijui kama Time alimgusa.

Njia nzima ya kurudi nimekuwa nikilifikiria hilo tu. Nimeshindwa kufikiria daktari, nimeshindwa kufikiria barua. Barua imekuja, kwa kweli. Ilikuja juzi Jumatano, siku moja baada ya Bi Mize, na mama ameiweka ndani ya msahafu wake. Nimethibitishwa. Daktari ameandika humo kwamba mimi ni mtu wa kuaminika katika kutafsiri.

Mama amepita hapa sasa hivi akaniuliza kwa upole ikiwa Kiuyu kuna mtu amefariki. Nikamwambia hapana. Nikamwambia kaa, mama, kisha nikamweleza kila kitu, hata siku ile nilipomwambia sikumbuki. Halafu akasema mtoto akinyang'anywa ziwa, titi huuma mpaka kwapani, na kwamba mimi siwezi kulijua hilo. Ameingia ndani. Sijawahi kumwona akinitazama vile.

Jumatatu nitaingia kwa daktari kabla wagonjwa hawajafunguliwa mlango. Nitamwambia kwamba Bi Mize hakuwa anashukuru. Nitamweleza alichosema hasa, kata, homa, kibanda, mtoto, yote, hata ikinichukua asubuhi nzima na hata nikikwama kila baada ya maneno mawili. Barua nitaiweka mezani kwake aamue mwenyewe. Akinibakisha, basi mara nyingine nikiwa mbele ya watu nisielewe, nitamwambia sielewi. Kwa Kiingereza ni maneno machache sana. Nimekuwa nayo tangu mwaka wa kwanza wa skuli, na ninayatamka vizuri.